Chanjo mpya wakati wa janga: kwa nini wengine hukubali na wengine husita?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Hata hivyo, suala la kupokea au kukataa chanjo mpya halikuisha siku hiyo. Oktoba 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kuchanja watu dhidi ya mpox (homa ya nyani) mjini Goma, na mlipuko mwingine wa ugonjwa ukitokea, wananchi watatakiwa tena kuamua kuhusu sindano ambayo hawajawahi kuisikia. Majibu yafuatayo yanatokana zaidi na yale tuliyoyaona Afrika Mashariki kati ya mwaka 2020 na 2023.

Je, ni kweli kwamba Waafrika ndio walioongoza kwa kukataa chanjo ya UVIKO-19?

Si kweli. Utafiti uliochapishwa katikati ya mwaka 2021 katika jarida la Nature Medicine uliwauliza watu wa nchi kumi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo Uganda, Rwanda na Msumbiji, iwapo wangekubali kuchanjwa. Kwa wastani asilimia 80.3 walisema ndiyo, wakati Marekani waliokubali walikuwa asilimia 64.6 na Urusi asilimia 30.4. Waliokubali walitaja zaidi nia ya kujikinga wao wenyewe. Waliosita walitaja zaidi hofu ya madhara. Na walipoulizwa wangemsikiliza nani, wengi walimtaja mhudumu wa afya.

Tofauti baina ya nchi za Afrika zenyewe zilikuwa kubwa. Uchunguzi wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Umoja wa Afrika, uliofanyika mwaka 2020 katika nchi 15, ulionyesha kwamba Ethiopia waliokuwa tayari walikuwa asilimia 94, na Kongo asilimia 59. Kongo ilipopokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca Machi 2021, ilichelewa kuanza kuchanja kwa sababu nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimeisimamisha chanjo hiyo, kisha ikalazimika kuzigawa kwa nchi nyingine dozi zipatazo milioni 1.3 kabla hazijaisha muda wake. Wasiwasi ulioanzia Ulaya ulifika Kinshasa karibu wakati mmoja na makasha ya chanjo.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Anayesema ndiyo leo anahitaji chanjo iwepo leo, si baada ya miezi minane. Nchi tajiri zilihodhi sehemu kubwa ya dozi za mwanzo, na utayari wa watu wetu ukapoa wakiwa kwenye foleni ya kusubiri.

Tanzania ilikuwaje?

Hapa inabidi tuseme kwa urefu, kwa sababu ni funzo adimu. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba chanjo hazifai, na kwamba lau wazungu wangekuwa na uwezo huo, chanjo ya UKIMWI na ya kifua kikuu ingekwisha kupatikana. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kupokea chanjo. Hizo zilikuwa siku za kujifukiza nyungu, na za matangazo ya misiba yanayosema marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji bila kutaja ugonjwa. Magufuli alifariki Machi 17. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, iliyoongozwa na Profesa Said Aboud, ambayo Mei 17 ilipendekeza nchi itumie chanjo zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Julai 24 zikapokelewa dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya kampuni ya Johnson & Johnson, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, Ikulu, Dar es Salaam.

Kati ya tamko la Chato na sindano ya Ikulu ilipita miezi sita tu. Mwananchi wa Kahama au Newala aliyeitii serikali yake Januari aliambiwa Julai aitii kinyume chake. Kwa maoni yangu, kumwita mtu huyo mjinga kwa kuwa alisita ni kumkosea haki, kwani alikuwa akifanya kile ambacho mtu mwenye akili timamu hufanya akipewa maelezo mawili yanayopingana: alisubiri aone. Ndiyo maana dozi zile milioni moja, katika nchi ya watu karibu milioni 60, hazikwisha kwa wiki mbili tatu kama wengi walivyotarajia.

Mambo yalibadilika pale chanjo ilipotoka hospitalini. Kuanzia Septemba 2021, chini ya Mpango Harakishi na Shirikishi, wahudumu waliifuata jamii misikitini, makanisani, minadani na majumbani, wakifuatana na wenyeviti wa mitaa na vijiji. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waliokuwa wamekamilisha dozi walikuwa chini ya asilimia 5 ya Watanzania. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamevuka nusu. Sayansi ya chanjo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni umbali wa kutembea, na sura ya anayeeleza: badala ya sauti ya redioni, alikuwa ni dada wa mtaa wa pili ambaye amekuwa akiwapima watoto uzito kila mwezi.

Chanjo iliyopatikana ndani ya mwaka mmoja inawezaje kuaminika?

Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba kazi haikuanza mwaka 2020. Virusi vya jamii ya korona vilikuwa vikichunguzwa tangu mlipuko wa SARS wa mwaka 2003 na ule wa MERS wa mwaka 2012. Njia iliyotumika katika Janssen, ya kubeba maelekezo ya protini moja ya kirusi cha korona ndani ya kirusi cha mafua kilichofanywa kisiweze kuzaliana mwilini, ilikuwa tayari imetumika katika chanjo ya Ebola. Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023 kwa msingi wa chanjo za mRNA (aina nyingine, inayoupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini ya kirusi), walikuwa wamechapisha ugunduzi wao muhimu mwaka 2005.

Kilichofupishwa ni muda wa kusubiri: kutafuta fedha, kungoja vibali, kungoja jaribio moja liishe ndipo kiwanda kijengwe. Serikali zilinunua dozi kabla ya kujua kama zitafaa. Idadi ya watu waliojaribiwa haikupunguzwa. Jaribio kuu la Janssen lilihusisha watu wapatao 44,000, wakiwemo wa Afrika Kusini. Lakini ni lazima kukiri kwamba dhara linalompata mtu mmoja kati ya laki kadhaa haliwezi kuonekana katika jaribio la watu 44,000. Dhara la namna hiyo hugundulika baada ya mamilioni kuchanjwa, na kwa hiyo ufuatiliaji baada ya kuchanja si jambo la hiari.

Ikisemwa chanjo ina ufanisi wa asilimia 66, maana yake nini?

Haina maana kwamba inafanya kazi kwa watu 66 na kuwaacha 34 bila kinga. Maana yake ni kwamba, katika makundi mawili yanayolingana, kama watu 100 wasiochanjwa wangeugua kwa kiwango cha wastani hadi kikali, waliochanjwa wangeugua 34. Dhidi ya ugonjwa mkali peke yake, jaribio la Janssen lilionyesha asilimia 85. Wengi waliahidiwa, au walielewa, kwamba aliyechanjwa haambukizwi kabisa. Walipomwona jirani aliyechanjwa anakohoa wakahisi wamedanganywa. Kosa hapo lilikuwa la waelezaji.

Mbona nawafahamu watu waliochanjwa wakafariki?

Chukulia wilaya ya watu 200,000 ambamo, janga au hakuna janga, watu watatu hufariki kila siku kwa malaria, ajali, kiharusi, uzazi na uzee. Kwa wiki ni vifo 21. Tukichanja nusu ya wilaya Jumatatu, basi hadi Jumapili tutazika takriban watu kumi waliochanjwa, hata kama tuliwadunga maji matupu. Familia kumi zitasema, kwa uchungu na kwa dhati, kwamba mpendwa wao alikufa baada ya chanjo, na zitakuwa zinasema kweli. Lililobaki ni kuchunguza kama alikufa kwa sababu ya chanjo, na hilo hujulikana tu kwa kulinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa.

Ulinganisho huo wakati mwingine huitia chanjo hatiani. Aprili 13, 2021 Marekani ilisimamisha Janssen baada ya wanawake sita, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8, kupata aina adimu ya kuganda kwa damu. Matumizi yaliruhusiwa tena siku kumi baadaye, yakiwa na onyo, na mwaka 2022 nchi hiyo ikaibana zaidi kwa kuwa ilikuwa na chanjo nyingine za kutosha. Jambo hili lilipaswa kuelezwa waziwazi vijijini. UVIKO-19 wenyewe hugandisha damu mara nyingi zaidi kuliko chanjo hiyo, na mtu akipewa taarifa zote mbili anaweza kupima mwenyewe ipi ni hatari zaidi. Akifichwa moja, siku atakapoisikia mtandaoni hatamwamini tena aliyemficha.

Wanaosema tunafanywa panya wa majaribio, je, tuwapuuze?

Hapana. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer iliwajaribishia dawa ya Trovan watoto wa Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na kesi zilizofuata juu ya ridhaa ya wazazi ziliendelea kwa miaka mingi. Kumbukumbu hiyo ilichangia majimbo ya kaskazini kususia chanjo ya polio mwaka 2003. Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walizungumza kwenye runinga kuhusu kuijaribu chanjo ya kifua kikuu barani Afrika kama kinga ya korona, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akayakemea maneno hayo. Mtu anayekumbuka haya ana sababu ya kuuliza. Anastahili kujibiwa kwamba Janssen iliyoletwa Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kutumika kwa mamilioni ya Wamarekani, na kwamba safari hii Afrika ilidhulumiwa kwa kucheleweshewa chanjo.

Je, chanjo hizi hufunga uzazi au kupunguza nguvu za kiume?

Tafiti za wanawake na wanaume waliochanjwa hazikuonyesha hivyo. Baadhi ya wanawake walichelewa hedhi kwa muda mfupi, kisha ikarudi kawaida.

Kwa nini serikali isilazimishe tu?

Kulazimisha hupandisha idadi. Rais wa Ufaransa alipotangaza Julai 12, 2021 kwamba bila cheti cha afya mtu hataingia mkahawani, watu karibu milioni moja waliweka miadi ya kuchanjwa ndani ya siku moja. Kenya ilitangaza Novemba mwaka huohuo kwamba asiyechanjwa hatapata huduma za umma kuanzia Desemba 21, lakini Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Mimi naona kwamba palipo na uhaba wa chanjo na vituo vya mbali, amri humwadhibu mtu kwa upungufu usio wake.

Mama yangu ana kisukari, na hataki kusikia habari ya chanjo. Nimwambie nini?

Usianze na takwimu. Msalimie, kaa naye, kisha umwulize: "Mama, ni kitu gani hasa kinachokutia wasiwasi?" Halafu nyamaza umsikilize hadi amalize. Mara nyingi utagundua kwamba hofu yake si ile uliyoidhania: pengine hajali habari za kuganda damu, ila amesikia kwamba mwenye sukari akichanjwa kidonda hakiponi. Mjibu hilo alilouliza, na usilolijua mwambie mtakwenda pamoja kumwuliza mganga wa kliniki yake ya kisukari, ambaye anamfahamu kwa miaka. Mweleze kwamba sukari ndiyo inayomfanya aumwe zaidi akipata UVIKO-19.

Akikubali, mwambie mapema juu ya maudhi madogo madogo: mkono kuuma, homa, kichwa na uchovu kwa siku moja hadi tatu, ili asishtuke usiku. Akae kituoni dakika 15 baada ya sindano, kwa kuwa mzio mkali, japo ni nadra, hutokea mara nyingi ndani ya muda huo. Kama amepewa Janssen, basi kichwa kikali kisichotulia, maumivu ya tumbo, mguu kuvimba au kukosa pumzi ndani ya wiki tatu ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo mkononi, ili daktari ajue aina aliyopewa kabla hajachagua dawa. Akikataa, usimgombeze, mwulize tena baada ya wiki mbili, na umwachie dirisha wazi mnapokuwa na wageni, ili hewa ipite.