Vijana wa Bukavu na simu: yanayosemwa na ninayoyaona kibandani

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi huku Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kile ambacho Bukavu nzima inakiita "secrétariat": mashine mbili, printa moja, na waya wa kuchaji simu wenye vichwa vingi. Wanafunzi wa sekondari na wa chuo wanapita mlangoni kutwa, na wazazi wao hawako mbali. Kila mzazi ana lake la kusema kuhusu vijana na simu. Mengine ni kweli. Haya ya hapa chini si kweli, au ni kweli nusu.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu, wanajua kila kitu."

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayonichosha. Haikuanzia kwetu. Mwaka 2001 mwandishi Mmarekani Marc Prensky aliwaita vijana wenyeji wa ulimwengu wa dijitali na wakubwa wao wahamiaji, na maneno hayo yakazunguka dunia. Lakini njoo ukae hapa asubuhi moja.

Anaingia kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, simu mkononi, ananiita yaya, yaani mkubwa wake. "Yaya, iko mu simu, lakini sijue pahali iliingia." Prof ametuma kazi kwa PDF katika kundi la WhatsApp. Ameifungua mara tatu, ila hajui kwamba faili inakaa mahali fulani ndani ya simu na inaweza kuhamishwa. Basi ameshapiga picha ya skrini kila ukurasa, picha 14, mbili zimejirudia, na anataka nizichape zote. Kidole chake kinakimbia kuliko changu. Nilipomwonyesha folda ya nyaraka alicheka kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha pili katika nyumba anayoishi.

Baada yake mwingine, simu imejifunga. Aliifuta yote ili iwe nyepesi, na ilipowaka ikadai akaunti ya Google ya zamani. Akaunti gani? Ile aliyofunguliwa na muuzaji siku ya kuinunua, kwa jina la kubuni na neno la siri ambalo muuzaji mwenyewe amelisahau. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya wezi unamkamata mwenye mali. Naona kisa hiki karibu kila mwezi.

Wala tusidhani ni umaskini wetu tu. Katika ICILS ya mwaka 2018, upimaji wa kimataifa wa ujuzi wa kutumia kompyuta na habari, uliohusisha wanafunzi wa darasa la 8 katika nchi kama Ujerumani, Denmark, Korea Kusini na Marekani, ni 2 tu kati ya 100 waliofika ngazi ya juu, ile ya kutafuta habari bila kushikwa mkono na kupima kama ni ya kuaminika. Huko mashine ziko mezani na umeme haukatiki.

"Anayekesha na simu anatafuta mabaya."

Wengine ndiyo, tusidanganyane. Ila uliza bei kwanza. Mega za usiku, yaani data ya intaneti, ni nafuu kuliko za mchana, kwa hiyo kijana anayejua kuhesabu franka zake anasubiri usiku wa manane apakue video za masomo, kisha azitazame mchana bila kulipa tena. Zaidi ya hapo, nyumba nyingi zina simu moja tu ya maana, ya baba au ya mama, nayo inarudi jioni ikiwa na betri ya kuhesabu. Mtoto anaipata wenye simu wamelala.

Mama mmoja aliniletea simu nimsomee kile mwanawe alichotafuta usiku. Sikuipenda kazi hiyo, lakini alikuwa amesimama mbele yangu na mikono kiunoni. Mpira, mpira, wimbo, halafu milinganyo ya hesabu hadi saa tisa ya usiku. Aliichukua simu yake bila neno.

Na "ugonjwa wa simu" tuuseme polepole. Kilichoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu 2022, ni tatizo la kushindwa kuacha michezo ya dijitali, tena likishavuruga maisha ya mtu kwa kawaida kwa miezi 12. Kijana kununa akinyang'anywa simu hakumo humo.

"Simu na masomo haviendi pamoja."

Darasani namuunga mkono mwalimu anayezikusanya. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kwamba mwanafunzi akishapotezwa na simu anaweza kuhitaji hadi dakika 20 kurudi katika somo. Lakini shule hiyohiyo inayokataza simu asubuhi inatuma jioni tarehe ya interro, jaribio la darasani, katika kundi la WhatsApp, na asiye na simu anajua kesho yake, karatasi ikishagawanywa.

"Kuandika slt na pk kunaharibu lugha."

Ni vifupisho vya Kifaransa: "salut" (salamu) na "pourquoi" (kwa nini). Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya watoto 88 wa miaka 10 hadi 12: waliotumia zaidi vifupisho vya SMS ndio waliosoma maneno vizuri zaidi. Ni watoto wa Kiingereza, najua. Wetu wanachanganya Kifaransa, Kiswahili na Lingala katika mstari mmoja, na barua zao za kuomba kazi ninazozichapa hapa zina makosa mengi, lakini "slt" sijaiona hata moja.

"Item zimevuja, ziko WhatsApp."

Kila Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inapokaribia, finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wananiletea "item", yaani maswali ya mtihani huo, za kuchapa. Mwaka jana mmoja alikuja akinong'ona, amelipa kwa pesa za simu kwa mtu asiyemjua. Nilizisoma kabla ya kuchapa. Yalikuwa maswali ya mtihani wa zamani, mwaka umefutwa juu ya kila ukurasa, ila kwenye ukurasa wa tatu mfutaji alisahau. Pesa haikurudi.

Juu ya ujumbe ule kulikuwa na mishale miwili. Vijana wengi niliowauliza wanadhani ni pambo. WhatsApp huiweka pale ambapo ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuandika, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hautumwi kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa mara moja. Item ya siri iliyopita mikono mitano!

"Ana 18 kwa 20 za informatique, kompyuta anaijua."

Wengi wanaokuja hapa walisomea kompyuta ubaoni. Nimeona madaftari yenye kibodi iliyochorwa kwa rula, herufi zote mahali pake, nzuri kuliko yangu iliyofutika. Binti mmoja mwenye hizo 18 aliniomba akae mbele ya mashine. Alitaja sehemu zote bila kukosea. Nikamwambia aishike "souris", kipanya cha kompyuta. Akaiinua juu ya meza, akaielekeza kwenye skrini kama rimoti, akangoja.

Jumamosi alirudi, akalipa nusu saa ili ajifunze tu kuisogeza. Dakika ya 12 umeme ukakatika. Nilimrudishia pesa ya dakika zilizobaki, akakataa kuipokea: akasema niandike jina lake kwenye daftari, dakika 18, atakuja kuzimaliza Jumatatu baada ya shule.