"Pandisha mwimbaji!" Ningeweza, ningekuwa nimeshampandisha

Juzi tena. Bendi ya kwanza imemaliza, nakunja nyaya, fulana imelowa jasho, kijana mmoja akaja mpaka kwenye miksa, ile meza ninayochanganyia sauti za bendi, na simu mkononi. Salamu hakuna. Akanisogezea simu sikioni, wimbo wa tatu wa albamu unalia, akasema: "Sikia hii. Sasa mbona leo haikuwa hivi? Hawa jamaa ni wa studio tu."

Nimekaa nyuma ya miksa miaka 14, nyingi nikiwa na bendi za roki ya indi, zile zisizo za kampuni kubwa, kwenye kumbi ndogo, na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naijua hata kabla mtu hajafungua mdomo. Kuna pia ile ya wakati shoo inaendelea, ya yule anayenigonga bega na kunielekeza kidole juu: pandisha mwimbaji, yaani ongeza sauti yake. Wote wawili wana imani moja. Wanadhani albamu ni bendi iliyokaa ikapiga, mtu akawasha mtambo wa kurekodi, basi. Kwa hiyo shoo ikitofautiana na albamu, lazima mmoja wetu ni mwongo, ama bendi ama mimi.

Hebu chukua Is This It ya The Strokes, ya 2001. Ile sauti ya Julian Casablancas, kama mtu anayekupigia kwa simu mbovu, ilipatikana kwa kuipitisha kwenye amplifaya ndogo ya mazoezi ya Peavey. Studioni hiyo ni raha. Mwimbaji yuko peke yake, kimya kimetanda, amplifaya ikwaruze itakavyo. Ipeleke jukwaani sasa. Amplifaya inayokwaruza hubana sauti: kilicho kikubwa hushuka, kilicho kidogo hupanda. Na hicho kidogo ni nini? Ni matoazi ya mpiga dramu aliye mita mbili nyuma ya maiki. Umepata mwimbaji wa simu mbovu, matoazi ya simu mbovu, na maiki inayosubiri nafasi ya kupiga yowe.

Au Loveless ya My Bloody Valentine, ya 1991, ambayo mashabiki huitaja kama hirizi. Zaidi ya miaka miwili, studio 19, gitaa karibu zote kapiga Kevin Shields mwenyewe, na dramu nyingi zimeunganishwa kwa kompyuta kutoka vipande vya mapigo vilivyorekodiwa vya mpiga dramu wao, Colm Ó Cíosóig. Bendi unayoisikia kwenye sahani ile haikuwahi kusimama chumba kimoja ikapiga pamoja. Wapo wanaoapa kwamba mle ndani kuna mamia ya gitaa yaliyorundikwa. Shields amelikana hilo kwa miaka: nyimbo nyingi zina gitaa chache tu, na ule myumbo unaokufanya uhisi sakafu inainama unatoka mkononi, anaushika wenzo wa tremolo, ule unaoyumbisha nyuzi za gitaa, na kuuminya huku anacharaza. Kwa hiyo hata pale unaposema "ni ujanja wa studio", pengine ni mkono wa mtu. Waliporudi jukwaani 2008 waligawa vizibo vya masikio mlangoni. Mtu anapewa kizibo mlangoni, halafu anatoka analalamika kwamba maneno ya nyimbo hayakusikika.

Na kuna upande wa pili unaonichekesha. Bee Thousand ya Guided by Voices, 1994, ilirekodiwa kwa vifaa duni vya kaseti vya nyumbani, na mvumo wa kanda ni sehemu ya utamu wake. Bendi kama hiyo ikipanda jukwaani na amplifaya kubwa, inasikika safi na nene kuliko albamu. Nimewahi kulalamikiwa kwamba shoo ya bendi ya aina hiyo ilikuwa "safi mno". Nifanye nini sasa, nikodi mvumo?

Haya, tuje kwenye kidole kile kinachoelekeza juu.

Watu wanaamini miksa yangu inatawala kila sauti iliyo ukumbini, kama ya televisheni. Katika ukumbi wa watu 200 haiko hivyo hata kidogo. Mpiga dramu wa roki akiipiga snea, ile dramu ya mlio mkali, kwa moyo wote, mita moja kutoka hapo unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100 na zaidi bila kutumia umeme. Mtu akiongea kawaida, kwa umbali huohuo, ni kama 60. Dramu hazinihitaji. Gitaa la umeme halinihitaji pia: amplifaya ya Vox AC30 ni wati 30 tu kwa maandishi, lakini kaa mbele yake imefunguliwa nusu uone. Mara nyingi dramu na gitaa nimezifunga kabisa kwenye miksa, hakuna hata tone linalopita kwenye spika zangu, na bado zinamfunika mwimbaji. Siwezi kushusha kitu ambacho sijakipandisha.

Sasa huyo mwimbaji. Waimbaji wengi wa roki ya indi hawapayuki, wanaimba kama wanamwambia mtu siri. Ndio uzuri wake. Studioni siri hiyo inawekwa mbele kabisa, unasikia hata mate yakimezwa. Jukwaani maiki yake haichagui, inachukua chochote kinachoifikia. Mdomo ukiwa sentimeta 3 kutoka kwenye maiki, siri inashinda. Akirudi nyuma hadi sentimeta 12, labda kwa sababu amefumba macho na ametekwa na wimbo, sauti yake imepungua kwa takriban desibeli 12. Matoazi yaliyo nyuma yake hayajapungua hata moja. Nikimrudishia desibeli 12 zake, nimeyapandisha na matoazi desibeli 12. Ndiyo maana kuna usiku unasikia "tssssh" ikipanda kila mwimbaji anaponyamaza: huyo ni mpiga dramu, anapita kwenye maiki ya mtu mwingine.

Ongeza na monita, zile spika za sakafuni zinazomtazama mwimbaji ili ajisikie. Anataka kujisikia zaidi, mimi naongeza, monita inaingia kwenye maiki, maiki inarudi kwenye monita, duara limekamilika, na ukumbi mzima unashika masikio. Maiki kama SM58 imetengenezwa iwe kiziwi upande wa nyuma, na monita tunaziweka upande huo makusudi. Halafu mwimbaji, kwa sababu ameona wasanii wakifanya hivyo kwenye video, anakikumbatia kichwa cha maiki kwa viganja vyote viwili. Ameziba matundu yanayoifanya iwe kiziwi. Sasa inasikia kila upande, na inapiga yowe. Shabiki ananigeukia mimi.

Dawa ni moja na hakuna anayeipenda: mpiga gitaa ashuke. Mpiga gitaa mwenyewe hajui ana sauti kubwa kiasi gani, maana amplifaya iko sakafuni nyuma yake, sauti inamfikia magotini. Magoti hayana masikio. Kwa hiyo anaongeza, na wewe uliye mita sita mbele, ukiwa kwenye mstari wa spika yake, unaipokea yote usoni. Ukimwomba ashushe, atakwambia toni yake itakufa. Na hapa lazima niseme ukweli: ana haki. Amplifaya za valvu zina kiwango ambacho chini yake hazisemi kitu. Kwa hiyo tunabishana mchana kutwa, mwisho tunaigeuza amplifaya itazame pembeni, au tunaiinua juu ya kreti ya soda imtazame yeye usoni. Dakika tano baadaye anashusha mwenyewe bila kuombwa. Hufaulu labda katika nusu ya shoo. Nusu nyingine shoo inakwenda na mwimbaji aliyemezwa, nami najua amemezwa, na kidole chako hakiniongezei taarifa.

Ukumbi nao. Tunatesti mitambo mchana ukiwa mtupu, kila kitu kinavuma kama ndani ya pipa. Usiku watu wanaingia, na miili na nguo zao zinameza sauti za juu. Niliyopanga mchana yamekufa nusu. Besi ndiyo hainyonywi na mtu. Noti yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, inagonga kuta, inarudi, inakutana na yenyewe: hapa inajijumlisha, hatua tatu mbele inajifuta. Kwenye kona inarundikana. Watu wawili waliolipa kiingilio kilekile wanaweza kubishana wiki nzima kuhusu sauti ya shoo na wote wakawa wakweli, kwa sababu mmoja alisimama katikati na mwingine kwenye kona.

Kuhusu kuhukumu shoo kwa kipande cha video ya simu, nitasema kwa kifupi maana nachoka: simu ikizidiwa na sauti inaibana yenyewe, besi inaitupa, na mtu anayeimba kwa furaha sentimeta 20 kutoka kwenye simu anakuwa ndiye mwimbaji mkuu. Kuhusu mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kuiandaa albamu, sisemi kabisa leo, itoshe kujua kwamba albamu imebanwa ili kelele na minong'ono zikaribiane, na ukumbini ukibana hivyo utafukuza watu.

Lakini msidhani niko na kundi lile lingine, wanaosema jukwaani ndiko ukweli uliko na albamu ni vipodozi. Hao wananichosha vilevile. Mtakatifu wao ni Steve Albini, fundi wa kurekodi, na kweli Albini alichukia kuitwa prodyuza, alitaka iandikwe tu kwamba yeye ndiye aliyerekodi. Wanamgeuza kuwa kamera ya usalama, kana kwamba aliweka maiki mezani akaenda zake kulala. Kwenye Surfer Rosa ya Pixies, 1988, alimpeleka Kim Deal wa bendi hiyo akaimbe bafuni ili apate mwangwi wa vigae. Huo ni uamuzi, wa mtu mwenye masikio na maoni makali. Kuchagua maiki ipi na iwe mbali kiasi gani na ukuta ni kumiksi kabla ya kumiksi.

Na jukwaani kwenyewe hakuna utakatifu huo. Mtu akijirekodi sauti kumi zake mwenyewe zikiimba pamoja, jukwaani ana njia mbili. Alete watu waimbe naye, kama Bon Iver alivyofanya na wenzake kwa nyimbo alizozirekodi peke yake kibandani Wisconsin, au abonyeze kitufe zilie sauti zilizorekodiwa. Kitufe nimekibonyeza. Sauti za pili, kinanda ambacho hakipo jukwaani, na mara moja gitaa zima, kwa sababu mpiga gitaa alikwama njiani na bendi ilikataa kuahirisha. Hakuna aliyegundua. Mmoja alinifuata kusema gitaa la leo lilikuwa na hisia. Sijui hata leo kama nilipaswa kumwambia.

Nina mashaka mengine pia, ya usiku, baada ya kulipwa. Kuna shoo ambayo nilikata masafa fulani ya mwimbaji kwa uangalifu mkubwa, nikazungusha kidogo, nikasikia ukungu ukiondoka, nikaridhika. Wimbo wa nne nikagundua kitufe cha kuwasha sehemu ile hakikuwa kimebonyezwa. Nilikuwa nazungusha hewa. Na nilisikia tofauti, ninaapa, niliisikia. Tangu siku hiyo nikimwambia mtu "wewe husikii vizuri", sauti yangu inakuwa na staha kidogo.

Halafu masikio yenyewe. Kanuni ya NIOSH, taasisi ya usalama kazini kule Marekani, inaruhusu desibeli 85 kwa saa nane, na kila 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 una dakika 15. Nimeshinda kwenye kelele hizo kwa saa, miaka ya mwanzo bila vizibo, kwa ujinga na majivuno. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba matoazi ninayoyaona ya wastani yanakukata wewe. Siku hizi napanga na macho pia, natazama nyuso za watu wa mstari wa tatu. Na mara nyingine, lazima nikiri, bendi imekuja haijafanya mazoezi na shabiki yuko sahihi kabisa, nami naitetea tu kwa sababu tulikula pamoja mchana.

Yule kijana nilimuuliza alisimama wapi. Akanionyesha: kona ya kulia, mgongo ukutani, hatua mbili kutoka kwenye spika ya besi. Nikamwambia bendi ya pili ikianza aje asimame hapa nyuma yangu, nyimbo mbili tu. Alikuja. Wimbo wa kwanza alisikiliza amekunja mikono. Wa pili alianza kutikisa kichwa, akaniinamia sikioni akapiga kelele: "Kumbe anaimba!"

Wimbo wa tatu nikageuka, hayupo. Alikuwa amerudi kwenye kona ileile ya besi. Rafiki zake wote walikuwa pale.