Jicho moja linaona freshi, la pili ukungu: maswali ninayoulizwa kila siku

Kazi yangu ni kupima macho, na haya maswali nakutana nayo kila wiki kwahiyo nimeyaweka pamoja.

Nilikuwa nacheza na mwanangu nikaziba jicho la kulia, nikashtuka la kushoto halisomi hata bango la duka la ng'ambo. Limeharibika lini?

Inawezekana ni zamani sana, we ndo umejua leo. Macho yote yakiwa wazi ubongo unachukua picha ya lile zuri na ile mbovu unaipotezea, ndo maana mtu anafika miaka 40, anaendesha bodaboda, anasoma meseji, hajui kama jicho moja linabeba mzigo wa mawili. Nikimziba mtu wa hivyo lile zima ananiuliza kama nimezima taa. Jipime leo, tundika kalenda ukutani, kaa mita 3, ziba jicho moja kwa kiganja ila usilibonyeze maana ukilibonyeza litatoka na ukungu wake, soma, halafu hamia upande wa pili. Kama una miwani ya mbali ivae.

Kwani macho si yanatakiwa kuwa sawasawa?

Si lazima, tofauti ndogo ni kawaida kabisa, moja namba ya miwani -1.00 lingine -1.25 sio ugonjwa. Hata rangi, kuna watu jicho moja linaona nyeupe imepauka kidogo kuliko lingine. Tunaanza kukuna kichwa tofauti ikifika dayopta 1 (kipimo cha nguvu ya lenzi) kwenda juu, hasa kwa mtoto. Na ukiandikiwa 6/60 maana yake unachokiona ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60.

Mwanangu ana miaka 5, wamesema ana jicho vivu. Uvivu wa nini tena jamani?

Jina tu hilo, mama, wala usimgombeze mtoto. Mara nyingi jicho lenyewe halina kidonda wala nini, ila kwa vile lilikuwa linapeleka picha ya ukungu tangu utotoni, ubongo haukujifunza kulitumia. Watafiti wawili, Hubel na Wiesel, walilionyesha hili kwa vitoto vya paka, wakawafumba jicho moja wakiwa wadogo, walipolifungua baadae jicho lenyewe ni zima lakini ubongo hauna habari nalo. Kazi yao hiyo ya mfumo wa kuona ndo iliwapa tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Dawa inaanza na miwani, anavaa siku nzima sio shuleni tu, na wapo wanaoboreka kwa miwani peke yake. Isipotosha tunaziba jicho, na hapa wazazi wengi wanachemka, linalozibwa ni lile ZIMA ili lile vivu lifanye kazi. Nimeshaletewa mtoto kazibwa jicho bovu miezi 2, nikabaki nimeshika kiuno. Tatizo likiwa la wastani, masaa 2 kwa siku yameonekana kufanya kazi sawa na masaa 6, kwahiyo usimtese mtoto kwa kudhani nyingi ndo bora, fuata ulichoandikiwa. Muda huo mpe kazi ya macho, achore, atunge shanga, achambue mchele na bibi yake. Wengine wanapewa matone ya atropini ya kutia ukungu lile jicho lisilo na shida, hayo ni kwa maelekezo ya daktari tu. Matokeo ni mazuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi, ila hata wa miaka 10 au 12 mlete, wapo wanaopata nafuu.

Bibi anasema makengeza yataisha akikua.

Mwambie bibi shikamoo halafu mlete mtoto. Kichanga macho kupishana mara mojamoja miezi ya mwanzo sawa, akishapita miezi 4 na bado yanapishana apimwe. Na ukimpiga picha kwa flashi ukaona mboni moja nyekundu na nyingine nyeupe, usisubiri mwisho wa mwezi. Inaweza ikawa taa imepiga vibaya tu, inaweza ikawa mtoto wa jicho, inaweza ikawa kansa ya jicho.

Nimepewa miwani, lenzi moja nene, ngazi naziona kama zinaelea.

Lenzi ya kutoa (yenye alama ya -) inapunguza ukubwa wa picha, ya kujumlisha (+) inaukuza, sasa lenzi zikitofautiana sana ubongo unapokea picha mbili za saizi tofauti na ndo hiyo kizunguzungu. Jipe wiki 1 au 2, ngazi shuka umeshika ukuta. Ikigoma rudi ulikopimiwa, tofauti ikiwa kubwa, kama dayopta 3 au 4, lenzi za kubandika juu ya jicho (contact lens) zinasaidia zaidi, mradi mikono yako ni misafi na hulali nazo.

Mimi ni mtu mzima, nilikuwa naona vizuri kote, sasa jicho moja limefifia.

Swali la kwanza, taratibu au ghafla? Likififia taratibu mara nyingi ni mtoto wa jicho aliyetangulia upande mmoja, huyo anaondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho ni mbaya zaidi kwasababu haiumi, inakula uwezo wa kuona pembeni kwanza, na ilichokula hakirudi. Sukari nayo usiisahau.

Likizima ghafla, au umeona vimulimuli, nzi weusi wengi wanaelea, pazia linashuka upande mmoja, nenda hospitali yenye daktari wa macho leo hii hata kama hakuna maumivu, na njiani usipitie duka la dawa kununua matone, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani ya jirani.