Siri yako hospitalini: maswali ninayoulizwa sana kuhusu faragha na ridhaa

Mimi ni nesi, zaidi nimekaa kliniki ya mama na mtoto, na kuna maswali watu huwa wananiuliza kwa sauti ya chini kabisa wakishamaliza kuonwa, yaani mtu kashashika kitasa anataka kutoka ndo anageuka. Haya ni yale ya siri na ridhaa, nayajibu kwa utaratibu wa Tanzania maana ndo huku nilipo.

Siri ina umuhimu gani, si bora nipone tu?

Bila siri kupona kwenyewe kunakuwa kugumu, mtu akijua kuna masikio pembeni anasema nusu. Alikuja dada mmoja na wifi yake, tumbo linamuuma chini ya kitovu, kila nikimuuliza hedhi yake ya mwisho anamwangalia wifi kwanza ndo anajibu. Nikamwomba wifi atusubiri kwenye benchi nje. Mlango ulivofungwa tu machozi yakamtoka, kumbe mimba iliharibika siku nne nyuma, nyumbani hakuna aliyejua kama anayo, na damu bado inatoka na imeanza harufu. Alisafishwa siku hiyohiyo na akaanzishiwa dawa. Angeendelea kujibu mbele ya wifi tungempa dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) akarudi nazo nyumbani. Kwahiyo ukija na ndugu na kuna jambo hutaki alisikie, mwambie nesi "naomba nionane na daktari peke yangu", na wala huhitaji kueleza sababu.

Mapokezi wananiuliza naumwa nini mbele ya foleni nzima, lazima nijibu?

Sio lazima. Pale wanahitaji jina, umri, unapoishi na kadi ya bima kama unayo, ugonjwa unaweza kusema "nitamweleza daktari". Ila kama unatokwa damu, kifua kinabana, unashindwa kupumua au ni mjamzito una uchungu, sema, maana hapo hutakiwi kukaa foleni, na ukiona aibu andika kwenye karatasi umpe.

Kwangu mimi panaponiumiza zaidi ni dirisha la dawa. Unajua yale madirisha, kioo halafu kitundu kidogo kiko chini, mgonjwa anainama, mtoa dawa naye anainama, hamsikilizani, mwishowe mtoa dawa anapaza sauti "hivi unaingiza ukeni usiku, na mwenzio naye atumie hizi hapa!" na nyuma kuna watu ishirini. Nimeona kwa macho yangu mama akivuta khanga kichwani akachukua bahasha akaondoka bila kusikiliza mengine, wiki iliyofuata karudi hajapona, tukimuuliza kumbe vidonge vya kuingiza alikuwa anavimeza. Una haki ya kusema "naomba uniandikie kwenye bahasha" au "naomba unielekeze huku pembeni", na sisi tunaotoa dawa tunapaswa kufanya hivo hata kabla hujaomba.

Daktari anaweza kumwambia mume wangu au mama mkwe majibu yangu?

Majibu ni yako, kulipiwa matibabu na mtu hakumpi haki ya kusoma faili lako. Kwenye VVU lakini nisikudanganye, sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ni siri ya aliyepimwa, alafu hiyohiyo inaruhusu mke, mume au mpenzi aliyenaye aambiwe, na inakutaka wewe mwenyewe umwambie. Ndo maana mshauri atakaa na wewe mpange namna ya kusema, na kama unahofia kupigwa au kufukuzwa mwambie mapema kabisa asije akaanza na hatua itakayokuumiza. Mama mkwe, shangazi, mwenye nyumba, hao hawamo.

Ridhaa ndo ile fomu ya kusaini kabla ya upasuaji?

Fomu ni ushahidi tu. Ridhaa yenyewe ni wewe kuelewa unafanyiwa nini, kwanini, kuna hatari gani, kuna njia nyingine ipi na ukikataa nini kinaweza kutokea, kwa lugha unayoielewa. Ukipewa kalamu kabla ya maelezo, iweke chini kwanza uulize. Na wadada naomba mnisikie, mtu mzima mwenye akili timamu anajisainia mwenyewe. Kumshirikisha mume ni vizuri na wengi wetu tunapenda hivo, ila kusubiri mpaka apatikane kwenye simu wakati mapigo ya mtoto yanashuka ni hatari, mjamzito anaweza kusaini yeye. Mtu kama kapoteza fahamu na ndugu hawapo, madaktari wanaokoa maisha kwanza. Watoto wanasainiwa na mzazi au mlezi, ila kupima VVU, tangu marekebisho ya 2019 kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kuamua mwenyewe.

Wanafunzi wakija kuniangalia, au mtu akanipiga picha ya kidonda kwa simu?

Unaulizwa kwanza, na unaweza kukataa vyote viwili na matibabu yako hayapungui. Ukikubali picha uliza inaenda wapi, maana ikishaingia kwenye grupu la WhatsApp hairudi.

Kazini wanataka kujua naumwa nini

Karatasi ya ED, ile ya daktari ya kukuruhusu upumzike kazini, inaweza kuandikwa siku za kupumzika tu bila ugonjwa, mwombe daktari. Fomu ya bima ni tofauti, ile ugonjwa unaandikwa maana ndo wanalipa kwa huo.

Kuna wakati siri inatolewa hata nisipotaka?

Upo. Magonjwa ya mlipuko kama kipindupindu lazima yaripotiwe, mahakama inaweza kuagiza, na PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, ikijazwa na daktari inarudi polisi. Pia wanaokutibu wanaambiana wao kwa wao, lakini mlinzi wa getini hayumo.

Siri yangu ikitolewa nianzie wapi?

Anza na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, au ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali. Isiposaidia, nesi analalamikiwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari Baraza la Madaktari Tanganyika. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Andika siku hiyohiyo kabla hujasahau: tarehe, saa, dirisha au chumba gani, maneno yaliyosemwa na nani alikuwa karibu akasikia. Jina la mhusika kama hulijui usiogope, ukiwa na tarehe na saa uongozi utamjua kwenye ratiba ya zamu.