Kumwaga oili ya pikipiki nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Oili ni oili, hata ya gari inafaa."

Dhana hii imeua klachi nyingi, na inauma kwa sababu jibu limeandikwa kwenye chupa. Kwenye gari, oili ya injini ni ya injini tu. Gia zina yake. Pikipiki nyingi za gia hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi, na sahani za klachi zinaogelea humo humo. Oili nyingi nyepesi za magari, kama 0W-20 na 5W-30, hutiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Klachi nayo inaishi kwa msuguano. Ikiukosa inateleza: unavuta mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Tafuta nyuma ya chupa alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Kijapani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya klachi za namna hii. JASO MB ni ya skuta za otomatiki zenye klachi kavu, kwa hiyo iache dukani.

"Ikiwa nyeusi, imekwisha."

Si lazima. Oili nzuri hubeba masizi badala ya kuyaacha yagande ndani ya injini, ndiyo maana hubadilika rangi mapema. Na iliyo safi machoni huweza kuwa imechoka, kwa kuwa meno ya gia huisaga ikapoteza uzito wake. Fuata kilomita za kitabu cha pikipiki. Kama haitembei sana, badilisha angalau mara moja kwa mwaka.

"Suuza injini kwa petroli au dizeli kwanza."

Tafadhali usifanye hivyo. Kiasi fulani hubaki kwenye njia za oili na kuipunguzia nguvu oili mpya. Inatosha kuwasha injini dakika chache ipate joto, kisha kumwaga. Oili ya vuguvugu hushuka na uchafu wake. Usimwage mara tu baada ya safari ndefu, itakuunguza.

"Pikipiki ndogo haina filta, hakuna cha kusafisha."

Hapa ndipo kazi ya nyumbani hubaki nusu. Injini kama ya Honda CG125 haina filta ya karatasi, lakini ina chujio la waya, pamoja na kikombe kinachozunguka na krenki (mhimili mkuu wa injini) na kurushia uchafu ukutani mwake. Chujio hilo hutolewa, huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa na kurudishwa. Kwenye pikipiki zenye filta ya karatasi, angalia upande: nyingine zina maandishi ya kuonyesha upande wa nje, na ukiigeuza unaziba njia ya oili. Filta inayofungwa kwa kuizungusha ipake oili mpya kwenye mpira wake na uikaze kwa mkono. Hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini.

"Bolti ya kumwagia oili ikazwe kwa nguvu zote isivuje."

Injini nyingi ni za alumini, na nguvu zote huua meno. Kinachozuia kuvuja ni washa nzima, ile pete ya chini ya bolti; weka mpya.

"Oili ikizidi kidogo ndiyo salama."

Ikizidi, krenki huipiga mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Nyingine hupanda kwenye bomba la kupumulia hadi filta ya hewa. Kitabu hutoa viwango viwili, cha kubadilisha filta na cha kutobadilisha. Baada ya kujaza, washa dakika chache, zima, subiri kidogo, kisha pima pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Kwenye pikipiki nyingi kijiti cha kupimia oili huwekwa tu bila kukikaza. Kitabu kitakuambia yako inapimwaje.

"Oili chafu mwaga tu pembeni, itakauka."

Haikauki. Ina vumbi la chuma na kemikali zinazoweza kuleta saratani, na huzama ardhini kuelekea maji. Vaa glavu, ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke kwa gereji inayokusanya oili iliyotumika.