Breki ya injini: kazi yake mteremkoni, kelele yake mtaani

Trela la ekseli saba linaruhusiwa kufikisha uzito wa jumla wa tani 56 chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa mizigo ya 2016. Uzito huo ukishuka kimo cha mita 100 tu bila kuongeza kasi, unatoa nishati ya megajuli 55 hivi, ambayo inatosha kupasha zaidi ya lita 160 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Upepo na matairi hula sehemu yake. Inayobaki itaingia kwenye ngoma za breki au kwenye injini, na mteremko wa kutoka Rironi kuelekea Mai Mahiu, unaoingia Bonde la Ufa nchini Kenya, unashuka mita mia kadhaa.

Dereva anayetegemea pedali peke yake anaipeleka yote kwenye ngoma. Laini za breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko. Ngoma nayo hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, hivyo fimbo ya chemba ya upepo, ile inayosukuma viatu, inalazimika kusafiri mbali zaidi kabla ya viatu kugusa. Fimbo ikifika mwisho wa safari yake, hakuna nguvu iliyobaki. Ubaya wa breki za upepo ni kwamba pedali haikuonyi: mguuni inahisi vilevile, geji ya upepo inasoma sawa, lakini lori haliitikii.

Ndiyo maana lori zito linahitaji breki ya injini. Injini ya dizeli haina kifuniko cha kuziba hewa inayoingia, kwa hiyo kuondoa mguu kwenye mafuta peke yake hakuipunguzii gari kasi sana. Pistoni inaibana hewa ikipanda, halafu hewa hiyohiyo inaisukuma pistoni irudi chini, na karibu kila ulichokipata kinarudishwa. Breki ya injini huvunja mzunguko huo. Mafuta yanakatwa, na pistoni inapokaribia juu kabisa, valvu za eksosi zinafunguka kidogo na kuachia hewa iliyobanwa. Magurudumu yamefanya kazi ya kuibana, lakini hayalipwi chochote. Wazo hili lilitoka kwa Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, baada ya lori lake kukosa breki kwenye mteremko wa Cajon Pass, California, mwaka 1931. Kifaa chenyewe kilianza kuuzwa na kampuni ya Jacobs mwaka 1961.

Kelele inazaliwa palepale hewa inapoachiwa. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 1,800 kwa dakika huachia hewa mara 90 kila sekunde, na kila mara ni mpasuko mfupi wa ghafla. Mlio wa namna hiyo una sauti nzito inayopenya kuta, na usiku, barabara ikiwa tulivu, unasikika mbali. Lori lenye sailensa nzima hutoa desibeli 80 na kidogo likiwa mita 15 kutoka kwako. Lililotolewa sailensa na kuwekewa bomba wazi linaweza kukaribia 100. Katika uwanja wazi, zile 80 zinashuka hadi kama 57 ukiwa umbali wa mita 200, na zile 100 hadi kama 77. Sasa linganisha na kanuni za kelele za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya: nje ya nyumba, katika maeneo ya makazi, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku.

Miji mingi ya Marekani, Kanada na Australia imeweka mabango yanayokataza breki ya injini au kuwaomba madereva waipunguze, na kwa kawaida dharura huachwa nje ya katazo. Kwa maoni yetu bango hilo linatibu dalili. Mara nyingi anayewaamsha watu ni yule mwenye bomba lililotobolewa au sailensa iliyotupwa, na bango halimtengenezei bomba. Hata hivyo, ndani ya mji katazo halimnyimi dereva kitu. Jijini Nairobi, kwenye Waiyaki Way pale Kangemi, au Southern Bypass kwenye mizunguko ya kuingilia, kasi ni ndogo na miteremko ni mifupi. Breki za kawaida zinatosha ukiacha nafasi mbele yako na kuanza kupunguza mapema. Lori likiwa na eksosi breki, ile inayoziba bomba kwa kifuniko, au ritada, kifaa cha kupunguza kasi bila kutumia ngoma, kwenye gia boksi, tumia hiyo. Haina mpasuko ule.

Bonde la Ufa ni habari nyingine. Pale, asikwambie mtu uizime breki ya injini.

Chagua gia kabla ya kuanza kushuka. Kanuni ya zamani ilikuwa kushuka na gia uliyopandia, lakini malori ya siku hizi yana nguvu nyingi ya kupanda, kwa hiyo teremka gia moja chini zaidi ya hapo. Breki ya injini inashika vizuri mizunguko ikiwa juu. Malori mengi ya Ulaya yana alama ya buluu kwenye geji kuonyesha eneo hilo. Usiingie kwenye nyekundu. Kasi ikifika kiwango ulichojiwekea, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha kupunguza kilomita 8 hivi kwa saa ndani ya sekunde tatu, kisha achia kabisa mpaka kasi irudi, halafu rudia. Kuipakata pedali kidogokidogo mteremko mzima ndiko kunakochoma ngoma.

Kushuka kwa nyutro kunaitenga injini na magurudumu, na breki ya injini inakuwa pambo. Hata hoja ya kuokoa dizeli haisimami: injini za kisasa zikiwa kwenye gia na mguu umeondolewa hukata mafuta kabisa, ilhali kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Lakini mvua ikinyesha na trela likiwa tupu, breki ya injini ipunguze au izime. Inashika tu magurudumu yanayozungushwa na injini. Yakiteleza, trela linasukuma kichwa kutoka nyuma na gari linajikunja.

Kwa upande wa gereji, fundi akague mfumo wa eksosi injini ikiwa baridi. Masizi meusi yanayotoka kwenye kiungo kama mstari uliochorwa na makaa yanaonyesha moshi unavuja hapo. Bomba lenye mikunjo baada ya tabo (turbo) ndilo hupasuka mara nyingi, kisha klampu hulegea. Breki nazo zipimwe: zuia magurudumu kwa mawe, achia breki ya mkono, vuta fimbo ya chemba kwa mkono. Ikitoka zaidi ya milimita 25, sleki ajasta, mkono unaorekebisha nafasi kati ya viatu na ngoma, inahitaji kurekebishwa, na kama ni ya kujirekebisha yenyewe, tafuta kwanza kilichoharibika badala ya kuikaza tu.

Mkazi anayesumbuliwa aandike namba ya gari, saa na mahali, kisha apeleke malalamiko NEMA au kwa mwenye gari. Aeleze pia mlio wenyewe: ngurumo nzito iliyozibwa ni ya sailensa nzima, mtatariko mkali unaopasua masikio ni wa bomba wazi. Tofauti hiyo humwonyesha mkaguzi aanzie wapi.