Kutoka seminari si kushindwa

Nikisema nilisoma seminari, swali hufuata papo hapo: "Walikufukuza, au ulipenda binti?" Wengi huamini kijana akiingia seminari ni nusu padre tayari, na akitoka ameanguka. Si kweli. Seminari ndogo ni shule ya sekondari ya bweni. Tulifanya mitihani ileile ya taifa, na hakuna mwanafunzi aliyeweka nadhiri. Anayetaka upadre huendelea seminari kuu, akasoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na sheria ya Kanisa humtaka awe ametimiza angalau miaka 25 kabla ya kupewa upadre. Kijana wa kidato cha pili bado anapima wito wake tu. John Magufuli alipita Seminari ya Katoke, Biharamulo, akaja kuwa rais.

Mimi nakumbuka kengele ya alfajiri, misa, jembe kwenye migomba, na kile kimya cha usiku ambacho hata kijiko kikianguka bweni zima lilisikia. Ndani ya kimya kile nilijifunza kusoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho. Nilipomwambia mlezi wangu kwamba sitaendelea, alinishika bega: "Basi, mwanangu, kaoe vizuri." Kisha akanisaidia kubeba sanduku hadi stendi.